Kabla ya Kumeza, Jiulize Unapungukiwa na Nini

Haya ndiyo niliyoyasema mbele ya mkutano wetu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: asanteni kwa kuja.

Naomba mnyooshe mikono. Nani hapa leo asubuhi amemeza kidonge cha vitamini, au amekoroga unga wa lishe kwenye glasi, au amelamba kijiko cha mafuta ya samaki? Nyoosheni, msione haya. Naona mmezidi nusu ya ukumbi. Haya, shusheni. Swali la pili: katika ninyi mlionyoosha, nani anaweza kuniambia ni kitu gani hasa kilichokuwa kimepungua mwilini mwake hata akaamua kumeza? Msiniambie "nguvu". Msiniambie "kinga". Nataka kitu chenyewe, kwa jina lake.

Mikono mitatu.

Basi nitazungumza juu ya hiyo mikono iliyoshuka.

Sijaja kuwakataza vidonge. Kazi yangu ni lishe, na nimeshuhudia kidonge kidogo kikimrudishia mtu uhai wake. Lakini kidonge hicho hicho, ukimpa jirani yake, hakimfanyi lolote. Na ukimpa wa tatu, kinaweza kumdhuru. Kopo ni lile lile, lebo ni ile ile. Kinachotofautiana ni mwili unaokipokea: una pengo, au hauna?

Tuanzie baharini.

Mwaka 1747 meli ya kivita ya Uingereza, Salisbury, ilikuwa safarini na mabaharia wake walikuwa wakioza wakiwa hai. Fizi zimevimba zinatoka damu, meno yanalegea, makovu ya zamani yanafunguka upya, miguu haiwabebi. Ni kiseyeye. Kwenye safari ndefu za enzi zile, ugonjwa huu uliua mabaharia wengi kuliko mizinga ya adui. Daktari wa meli, James Lind, akachagua wagonjwa 12 ambao hali zao zilikuwa zinakaribiana, akawalaza mahali pamoja, akawalisha chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili. Wawili akawapa siki. Wawili, kinywaji cha tufaa kilichochacha. Wawili, matone ya tindikali iliyozimuliwa. Wawili akawanywesha maji ya bahari, masikini ya Mungu, na wakanywa. Wawili, mchanganyiko wa kitunguu saumu, haradali na makorokoro mengine. Na wawili wa mwisho wakapata machungwa mawili na limau moja kila siku.

Hao wa matunda walikula siku sita tu, kwa sababu matunda yenyewe yalikwisha. Siku sita! Mmoja akawa mzima wa kurudi kazini. Mwenzake akapata nafuu kiasi cha kupewa kazi ya kuwauguza wengine.

Sasa niwaulize. Tuseme Lind angewapa machungwa yale mabaharia wazima, walioshiba matunda na mboga jana yake. Angeona nini? Asingeona kitu. Chungwa lile halikuwa na muujiza wowote ndani yake. Lilirudisha kitu kilichokosekana. Mbuzi hutengeneza vitamini C yake mwenyewe kwenye ini, hahitaji kufundishwa na mtu. Binadamu hana uwezo huo, lazima aile. Asipoila kwa miezi kadhaa, mwili hushindwa kutengeneza ile protini inayoshikilia ngozi, fizi na mishipa ya damu, na mtu huanza kufumuka.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kila nikisoma habari za Lind. Jibu alikuwa nalo mkononi, lakini hakuliamini sawasawa. Katika kitabu chake cha 1753 jaribio hilo amelipitia kwa aya chache tu katikati ya kurasa nyingi za nadharia. Halafu, ili juisi iweze kukaa muda mrefu melini, akapendekeza ipashwe moto hadi iwe nzito. Moto huiua vitamini C. Kwa hiyo dawa ikapikwa mpaka ikaacha kuwa dawa, na watu wakaanza kusema labda malimau hayafai kitu. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza maji ya limau kwa mabaharia wake mwaka 1795, miaka 48 baada ya lile jaribio. Hesabuni wenyewe wangapi walizikwa baharini katikati hapo.

Kiasi kinachohitajika kuzuia kiseyeye mnakijua? Kama miligramu 10 kwa siku. Chungwa moja la wastani lina karibu miligramu 70. Vidonge vinavyouzwa leo vina 1,000. Ukimeza hicho cha 1,000, utumbo unapokea sehemu tu, na ziada iliyoingia kwenye damu figo inaitoa kwenye mkojo. Ukizidisha zaidi unaharisha, na wengine wanajitafutia mawe ya figo. Linus Pauling, mwanakemia aliyepata tuzo mbili za Nobel peke yake bila kugawana na mtu, alitumia miaka yake ya baadaye kuuambia ulimwengu kuwa vitamini C nyingi huzuia mafua. Majaribio yakafanywa, mengi. Kwa watu wa kawaida haizuii mafua. Wanaoimeza kila siku mafua yao hupungua muda kidogo tu, pengine nusu siku. Akili kubwa haimkingi mtu na kuipenda mno hoja yake.

Tutoke baharini, twende kwenye banda la kuku.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, akitafuta kijidudu kinacholeta beriberi. Ugonjwa huu hulegeza miguu, huharibu neva, na mwisho husimamisha moyo. Zilikuwa zama za kugundua vijidudu, kwa hiyo kila ugonjwa ulidhaniwa una mdudu wake. Eijkman alikuwa na kuku wa maabara. Siku moja kuku wakaanza kuyumba, miguu ikawaisha nguvu, wakaanguka. Aliowadunga damu ya wagonjwa na ambao hakuwadunga, wote wakaugua. Halafu baada ya miezi kadhaa, ghafla, wote wakapona. Mtu angekata tamaa!

Eijkman hakukata tamaa, akauliza habari za jikoni. Kumbe mhudumu wa kuku, ili kubana matumizi, alikuwa anawalisha wali mweupe uliobaki kwenye jiko la hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya. Mpishi huyu akasema: wali wa jeshi hauliwi na kuku wa raia. Akakataa kutoa. Kuku wakarudishwa kwenye mchele usiokobolewa, na wakasimama wima. Sayansi ya lishe ina deni kwa yule mpishi mwenye roho ya kwa nini, ambaye hata jina lake hatulijui.

Baadaye daktari mwingine, Adolphe Vorderman, akapita kwenye magereza zaidi ya 100 ya Java akilinganisha. Kwenye magereza yaliyopika mchele uliokobolewa, beriberi ilikuwa tele. Kwenye yaliyopika mchele wenye ganda lake la ndani, ilikuwa adimu. Hata hivyo Eijkman alidhani mchele mweupe una sumu na ganda lile ndilo dawa ya sumu. Aliyeliweka sawa ni mwenzake Gerrit Grijns, mwaka 1901: hakuna sumu, kuna kitu kinachohitajika na mwili ambacho mashine imekitoa na kukitupa na pumba. Leo kitu hicho tunakiita vitamini B1.

Wazee wangu, hebu lipimeni hilo. Wale watu hawakuwa na njaa. Walikula, wakashiba, wakapangusa mdomo, na wakafa kwa kukosa chakula. Tumbo limejaa na mwili una njaa. Inawezekana? Inawezekana, na bado inatokea kila siku, ingawa kwa sura nyingine: mtu mwenye uzito mkubwa kupita kiasi ambaye ukipima damu yake unakuta madini chuma hakuna, foliki, moja ya vitamini za kundi B, haitoshi, vitamini D iko chini. Kushiba ni habari ya tumbo. Kulishwa ni habari nyingine kabisa.

Na sasa niwatetee watu wa vidonge, kwa maana wanastahili.

Mnajua mgongo wazi. Mtoto anazaliwa uti wa mgongo haujafunikwa. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata ujauzito wenye tatizo hilo na wakawa wanataka kubeba mimba tena. Wengine walipewa asidi ya foliki, wengine hawakupewa. Tatizo lilijitokeza tena kwenye mimba 27. Katika hizo, 21 zilikuwa za wanawake ambao hawakupewa foliki, 6 za waliopewa. Jaribio lilisimamishwa mapema, maana kuendelea kuwanyima wengine kungekuwa ukatili.

Lakini sikilizeni kina dada, na kina kaka pia kwa sababu mimba si ya mtu mmoja. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo. Siku ya 28 mama wengi hata hawajajua kama wana mimba! Ndiyo maana foliki ya mikrogramu 400 kwa siku inatakiwa ianze kabla ya kubeba mimba, iendelee mpaka wiki ya 12. Ukiianza kliniki mwezi wa tatu, umefanya vizuri kwa damu yako, ila lile dirisha limeshafungwa. Ndiyo maana pia nchi nyingi, Marekani ikiwemo tangu 1998, ziliamua kuitia foliki kwenye unga wenyewe ili imfikie hata asiyejua.

Madini joto kwenye chumvi, hadithi ni hiyo hiyo. Uswisi ilianza mwaka 1922, milimani kule ambako udongo hauna madini hayo, watu walikuwa na rovu shingoni na watoto wakizaliwa na akili zilizodumaa. Chembe kidogo sana kwenye chumvi, na rovu likatoweka kwa vizazi vilivyofuata. Na Alfred Sommer huko Aceh, Indonesia, alitoa matokeo mwaka 1986 kwamba watoto waliopewa vitamini A mara mbili kwa mwaka walikufa kwa uchache wa asilimia 34 kuliko ambao hawakupewa. Awali alikuwa akitafuta namna ya kuzuia upofu. Kumbe lile jicho kavu linalotangulia upofu lilikuwa dalili ya mwili mzima usio na silaha.

Nani atasimama hapa aseme vidonge ni utapeli? Siye mimi.

Ila angalieni kinachounganisha habari hizi. Mabaharia walipungukiwa. Wafungwa walipungukiwa. Watoto wa Aceh walipungukiwa. Kila mahali kidonge au chakula kilipofanya kazi, kulikuwa na pengo kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, tumefundishwa hivyo tangu utoto. Hakuna aliyetufundisha nini kinatokea unapoendelea kumimina na kibaba kimeshajaa.

Finland walijifunza.

Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wameona kwamba watu wanaokula sana karoti, mboga za majani na matunda ya rangi ya njano, na ambao damu yao ina betakarotini nyingi, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hawapati sana saratani ya mapafu. Ukisikia hivyo utafikiri nini? Utafikiri kama mlivyofikiri ninyi sasa hivi: tuitoe hiyo betakarotini, tuiweke kwenye kidonge, tuwape wavutaji sigara. Hoja nzuri. Hata mimi ningeikubali. Wakakusanya wanaume 29,133 wavuta sigara, wakawagawa kwa kura, wengine wakipata betakarotini na wengine kidonge kitupu, kisicho na kitu ndani. Wakawafuatilia miaka mitano hadi minane. Mwaka 1994 wakafungua hesabu.

Waliokunywa betakarotini walikuwa na saratani ya mapafu zaidi. Zaidi, si pungufu. Kwa asilimia 18.

Watu wakasema hapana, hii ni bahati mbaya, takwimu zimeteleza. Lakini Marekani nako kulikuwa na jaribio jingine likiendelea, la watu zaidi ya 18,000: wavutaji, walioacha kuvuta, na waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Hawa walipewa betakarotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 wakalisimamisha miezi 21 kabla ya wakati wake. Saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28, vifo kwa asilimia 17.

Bado? Vitamini E nayo. Wanaume zaidi ya 35,000, matumaini yakiwa kuzuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2011 matokeo yakatoka: waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi.

Imekuwaje? Anayekula karoti hali betakarotini tupu. Anakula karoti, yenye nyuzinyuzi, yenye kemikali nyingine mamia, na mara nyingi mtu huyo huyo havuti sana, anatembea, analala mapema. Betakarotini kwenye damu yake ilikuwa alama ya maisha yake. Watafiti waliichukua alama wakaifanya dawa. Na kwenye pafu lililokwisha kuchomwa na moshi, kipimo kikubwa namna ile hakikutulia kama kinavyotulia kwenye chakula.

Niongeze moja inayowahusu watoto, kisha niliache. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa kisiwani Pemba, mahali penye malaria kali wakati ule. Watoto wadogo walipewa madini chuma na foliki kila siku, bila kwanza kupima nani anapungukiwa. Hatari ya kulazwa au kufa ikapanda kwa asilimia 12, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Lakini ndani ya utafiti huo kulikuwa na kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu zaidi, na wakiugua malaria wakitibiwa upesi. Humo, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa madini chuma walinufaika. Kisiwa kimoja na kidonge kimoja! Ndiyo maana siku hizi, kwenye maeneo ya malaria, mwongozo unataka madini chuma yaende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Sasa mtaniuliza: kama si kidonge, ni nini? Hapo nitapita haraka, kwa sababu jibu mnalijua, na mtu anayelijua jibu hupenda kusinzia.

Mwaka 1997 yalitoka matokeo ya jaribio lililowahusisha watu wazima 459. Hawakupewa dawa, hawakupunguziwa chumvi, hawakutakiwa kupungua uzito. Walibadilishiwa sahani tu: matunda na mboga kwa wingi, maziwa yenye mafuta machache, nafaka zisizokobolewa, samaki, kuku, karanga, na nyama nyekundu na sukari kidogo. Kwa wenye shinikizo la damu, namba ile ya juu ilishuka kwa zaidi ya 11 ndani ya wiki nane. Kuna watu humu ndani wanameza vidonge vya presha vinavyoshusha kiasi hicho. Msiviache! Nasema tena, msiviache bila daktari. Lakini jueni sahani ina nguvu gani.

Jingine ni la 2019, la Kevin Hall na wenzake Marekani. Watu 20 walikaa kwenye wodi ya utafiti wiki nne. Wiki mbili walilishwa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Milo iliyoandaliwa ililingana kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale anavyotaka. Kwenye kile kilichosindikwa walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, bila kujua, na walikula kwa haraka zaidi. Uzito ukapanda karibu kilo moja. Kwenye kile cha kawaida ukashuka karibu kilo moja. Hakuna kidonge cha vitamini kitakachozifuta kalori 500 kwa siku, ingawa matangazo yapo.

Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, chumvi isizidi gramu 5, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati yote. Nimemaliza sehemu ya usingizi. Amkeni.

Nataka niwape kisa cha dada mmoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Alikuja ananyonyoka nywele, midomo imekauka inapasuka, kichwa kinamuuma kila siku. Nikamwambia: safari ijayo niletee kila unachomeza, hata kile unachoona aibu kukitaja. Akaja na mkoba. Tukayapanga makopo mezani, nikachukua kalamu na karatasi. Kopo la kwanza, vitamini mchanganyiko, limeandikwa vitamini A mikrogramu 800. La pili, mafuta ya ini la samaki, limeandikwa IU 4,000, yaani kwa kipimo kingine cha vitamini. La tatu, la "nywele na ngozi", IU 5,000. Yeye alidhani la kwanza ndilo dogo na mengine hayahusiani nalo, maana vipimo havifanani. Kumbe vitamini ni ile ile, na IU 4,000 ni mikrogramu 1,200, IU 5,000 ni mikrogramu 1,500. Jumlisheni. Ni 3,500. Mwanamke mzima anahitaji kama 700 kwa siku, na kikomo cha usalama ni 3,000, bado hatujahesabu alichokula.

Na je, mnajua dalili za vitamini A iliyozidi? Nywele kunyonyoka. Midomo kukauka. Kichwa kuuma. Kopo la tatu alilinunua ili kutibu kile ambacho makopo mawili ya kwanza yalikuwa yameanza kukileta. Namshukuru Mungu hakuwa mjamzito, kwa sababu vitamini A ya namna hiyo ikizidi huharibu mtoto tumboni. Vitamini A, D, E na K hazitoki kwenye mkojo kama C. Hukaa kwenye mafuta na kwenye ini, zinarundikana.

Kwenye ule mkoba mlikuwa na jambo la pili: kopo la biotini, vitamini ya kundi B inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha. Biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari, kwa sababu inaweza kufanya kipimo cha mshtuko wa moyo kionyeshe kwamba moyo ni salama nao si salama. Fikirieni: daktari anakuruhusu kwenda nyumbani kwa sababu ya kidonge cha kucha.

Kwa hiyo ukienda hospitali ukaulizwa "unatumia dawa gani?", usijibu "hakuna" huku mkoba umejaa. Mwenye dawa ya warfarini ya kuyeyusha damu, vitamini K inaipinga dawa hiyo moja kwa moja. Anayemeza dawa ya tezi ya shingo, kalsiamu na madini chuma vikimezwa kwa pamoja vinaizuia isifyonzwe, viachanishe kwa saa nne. Ule mmea wa kuondoa huzuni, uitwao St. John's wort, ambao makopo yake yana picha ya ua la njano, unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Na usidhani kwamba kikiwa dukani basi kimepimwa. Marekani, kwa sheria ya 1994, mtengenezaji wa virutubisho vya ziada halazimiki kuthibitisha kwamba vinafanya kazi kabla hajaviuza.

Basi nani hasa anahitaji? Mwanamke anayetarajia kubeba mimba, foliki. Mjamzito, madini chuma pia kama kliniki itakavyomwelekeza. Mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, vitamini B12, hapo hakuna mjadala, kwa sababu kwenye mimea haipo ya kumtosha. Mtu asiyeonwa na jua, na watoto wachanga kwenye nchi nyingi, vitamini D. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au mwenye ugonjwa wa utumbo, vile daktari atakavyopima. Lakini mtu mzima mwenye afya, anayekula vizuri, anayetaka D na mafuta ya samaki aepuke saratani na moyo? Jaribio la watu 25,871 Marekani, lililotoa matokeo mwishoni mwa 2018, halikuona saratani wala mashambulizi ya moyo na kiharusi, kwa ujumla wake, vikipungua kwa maana.

Na wazee wangu, hili ni lenu hasa. Tumbo likizeeka, asidi hupungua, na B12 haifyonzwi vizuri kutoka kwenye chakula. Ukiwa na kisukari na umetumia metformini kwa miaka mingi, inapungua zaidi. Ganzi miguuni, kusahau, kuyumba unapotembea gizani: watu husema "ni uzee", au "ni sukari". Huenda ni B12, na ikicheleweshwa neva haziponi zote. Ole wako ukijitibu kwa foliki nyingi peke yake: damu itaonekana imepona kwenye kipimo, na neva zinaendelea kuharibika kimyakimya. Omba kipimo cha B12. Ukikutwa umepungukiwa, dawa yake ipo, sindano au kidonge, na inafanya kazi.

Mwenyekiti ameshaninyooshea saa mara mbili, na mara ya pili hakutabasamu. Nitapokea maswali. Walioleta makopo, kama tulivyoomba kwenye mwaliko, waje nayo mbele, tuanze na lenye lebo ndogo kuliko zote. Na anayemeza zaidi ya moja aje na karatasi ya kujumlishia.